Wakili wa Nyumba Mbili

Aprili 1893 kijana wa miaka 23 alipanda meli Bombay kwenda Durban. Meli ikatia nanga Lamu, ikapita Mombasa, ikamfikisha Unguja, na hapo akakaa zaidi ya wiki akingoja chombo kingine cha kumpeleka kusini. Alikuwa na uwakili wa London na ajira ya mwaka mmoja: pauni 105, nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, chakula na malazi juu ya mwajiri. Aliitwa Mohandas Gandhi, na kama wakili alikuwa bado hajafaulu lolote la maana. Katika kesi yake ya kwanza huko Bombay, kesi ndogo ya madai, alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, asipate hata swali moja. Akaketi, akasema atafutwe mwingine.

Kampuni ya wafanyabiashara wakubwa ilimtakia nini mtu wa namna hiyo? Dada Abdulla na wenzake walikuwa Wamemon, Waislamu wa Kigujarati wa Porbandar, wenye biashara iliyotapakaa kusini mwa Afrika. Walikuwa wakimdai jamaa yao wa Pretoria, Tyeb Haji Khan Muhammad, pauni 40,000. Mawakili Wazungu walikuwa nao, tena wa kuaminika. Lakini mawakili hao hawakusoma Kigujarati, na daftari za hesabu zilikuwa za Kigujarati, barua nyingi za biashara vilevile. Kesi yenyewe ilikuwa katika jamhuri ya Makaburu, iliyofuata sheria ya Kirumi na Kiholanzi. Wadai wa Kihindi, daftari za Kigujarati, mawakili wa Kiingereza, mahakama ya Makaburu: anayedhani uwakili wa biashara za kimataifa umezaliwa juzi na barua pepe, aanze kwa kuisoma kesi hii.

Gandhi hakujua hata uwekaji hesabu. Alikuta karatasi zimejaa neno "P. Note", akalitafuta kwenye kamusi asilione, mpaka karani mmoja akamwambia kuwa ni karatasi ya mtu kuahidi kulipa deni. Akajifunza. Akazipitia daftari mstari kwa mstari, akazitafsiri, akawaeleza mawakili. Akaona kwamba mteja wake ana haki, na pia kwamba kesi ikiendelea gharama zitawamaliza ndugu hao wawili kabla hukumu haijatoka. Akawashawishi waitoe mahakamani, waipeleke kwa mwamuzi waliyemkubali wote. Dada Abdulla akashinda: pauni 37,000 na gharama.

Hapo ndipo palipo na funzo la kisheria, na wengi huliruka wakikimbilia kisa mashuhuri cha Gandhi kushushwa treni Pietermaritzburg. Tyeb hakuwa na uwezo wa kulipa fedha zote kwa mkupuo. Kwa wakili wa Pretoria jibu lilikuwa rahisi, deni lisipolipwa mdaiwa atangazwe muflisi, biashara ndiyo hiyo. Lakini miongoni mwa Wamemon wa Porbandar waliokuwa Afrika Kusini palikuwa na kanuni isiyoandikwa popote kwamba ni bora kufa kuliko kufilisika. Tyeb alikusudia kulipa hadi senti ya mwisho, ila hakuweza kuishi na jina la muflisi. Gandhi alilijua hilo. Akambembeleza Dada Abdulla akubali kulipwa kwa mafungu, tena mafungu ya muda mrefu, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba kulipata hilo kulimtoa jasho kuliko kuwapeleka kwa mwamuzi. Deni likalipwa, na majina mawili yakabaki safi.

Namwita Gandhi wakili wa nyumba mbili, yaani aliyelelewa katika tamaduni mbili. Mtu atauliza kama ni kweli, maana alizaliwa Porbandar na kukulia Rajkot kwa wazazi Wagujarati. Lakini baba yake alikuwa diwani, waziri wa watawala wadogo wa Kathiawar waliokaa chini ya jicho la maofisa wa Kiingereza, na kazi ya diwani ilikuwa kusema na pande zote mbili. Mama yake alitoka katika madhehebu ya Pranami, ambayo yalichanganya mafundisho ya Kihindu na ya Kiislamu. Shuleni Rajkot, masomo ya madarasa ya juu yalifundishwa kwa Kiingereza, naye akahangaika nayo. Malezi ya tamaduni mbili si lazima yawe ya baba Mfaransa na mama Mganda. Mara nyingi yanatosha ya mtoto anayebadili lugha na adabu anapovuka kizingiti cha nyumba kwenda shule.

Leo kampuni za uwakili za London, Paris, Dubai na Nairobi zinawatafuta watu wa namna hii kwa tochi, na zinaeleza sababu moja: lugha. Nadhani zinakosea, au zinasema nusu ya kweli. Lugha inanunulika. Mkalimani mzuri analipwa kwa siku, anaondoka jioni. Kile ambacho mkalimani hana wajibu wa kukileta, na ambacho mtoto wa nyumba mbili amenyonya na maziwa, ni shaka. Anajua tangu utotoni kwamba neno lile lile, likisemwa kwa nia ile ile, linafika upande wa pili likiwa jambo jingine. Ameshawahi kuchapwa kwa kusema nyumbani kile kilichopongezwa shuleni. Kwa hiyo anapoona kifungu ambacho pande zote mbili zimekubaliana haraka mno, mwenzake anafurahi, yeye anakifungua tena.

Chukua maneno mawili yasiyo na makali: nia njema. Sheria ya Ujerumani, katika kifungu cha 242 cha kitabu chao cha sheria za madai kilichoanza kutumika mwaka 1900, inamtaka mdaiwa atekeleze wajibu wake kwa nia njema, na majaji wamejenga juu ya kifungu hicho ghorofa zima la sheria. Ufaransa, katika marekebisho yaliyoanza Oktoba 2016, imeandika waziwazi kwamba nia njema inatakiwa tangu watu wanapoanza kuzungumza biashara, kabla ya sahihi yoyote. Sasa vuka maji uende Uingereza. Mwaka 1992, katika shauri la Walford na Miles, wenye biashara ya kusafisha picha walikubali kwamba hawatazungumza na mnunuzi mwingine, kisha wakamuuzia mwingine. Mabwana wa mahakama ya juu wakasema ahadi ya kujadiliana kwa nia njema haina nguvu ya kisheria, kwa kuwa kila anayejadiliana ana haki ya kutazama maslahi yake na kujitoa apendapo.

Weka Mfaransa na Mwingereza meza moja. Mfaransa akitoka kwenye mazungumzo bila sababu anahisi amefanya kosa, Mwingereza anahisi ametumia haki yake. Wote wawili ni waungwana. Wakili aliyekulia upande mmoja tu ataiona tabia ya mwenzake kuwa ni ulaghai au ni utoto, na kutoka hapo barua zinaanza kuwa kali. Aliyekulia pande zote anajua kwamba hapo hakuna mlaghai wala mtoto, kuna desturi mbili zilizokutana bila kutambulishana. Wakanada, ambao wamelilea jimbo la Quebec na sheria zake za asili ya Kifaransa ndani ya nchi yenye sheria za Kiingereza, walilifikia jambo hili mahakamani mwaka 2014 katika shauri la Bhasin na Hrynew. Mahakama ya Juu ilitambua nia njema kuwa msingi wa jumla wa utekelezaji wa mikataba, hata katika majimbo yanayofuata sheria za Kiingereza. Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, kilikuwa kimeshaanza mwaka 1999 kufundisha mifumo yote miwili ndani ya darasa moja, badala ya mmoja baada ya mwingine. Nchi nzima imekuwa mtoto wa nyumba mbili.

Lakini malezi humpa mtu sikio tu, elimu anaitafuta mwenyewe. Hapa ndipo vijana wengi wa kwetu hujidanganya. Fikiria msichana aliyezaliwa Bukavu, akasomea Nairobi, Kiswahili cha pande zote anakijua, Kifaransa cha nyumbani na Kiingereza cha shule. Mteja wa Kenya anataka kununua hisa za kampuni ya Lubumbashi. Huyu anaonekana kuwa jibu la maombi. Ila Kongo imeingia katika sheria za biashara za OHADA tangu 2012, jumuiya ya nchi 17 iliyoanzishwa kwa mkataba wa Port Louis wa 1993, na sheria za OHADA kuhusu makampuni, dhamana na ufilisi zinatumika moja kwa moja ndani ya nchi. Kongo hiyo hiyo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya ambayo wanachama wake wengi wamerithi sheria za Kiingereza. Rwanda imo katikati, ilirithi sheria za Kibelgiji, ikaingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, na leo inachanganya. Kujua namna mjomba wa Bukavu anavyosema "hakuna shida" wakati shida ipo ni mali kubwa, lakini haikuambii dhamana ya hisa inasajiliwa wapi Lubumbashi. Asiposoma, atakuwa mkalimani mwenye shahada.

Na lugha mbili bila uaminifu ni hatari kuliko lugha moja. Historia yetu imejaa mifano. Oktoba 1888, Lobengula, mfalme wa Wandebele, alitia alama kwenye karatasi ya Charles Rudd, mjumbe wa Cecil Rhodes. Aliahidiwa bunduki 1,000, pauni 100 kila mwezi na mashua ya mvuke ya Zambezi, naye akatoa haki ya madini yote. Kwa mdomo aliahidiwa pia kwamba hawatakuja Wazungu zaidi ya 10 kuchimba. Ahadi hiyo haikuandikwa. Aliyetafsiri alikuwa mmisionari Charles Helm, aliyeishi kule miaka mingi, aliyeijua lugha na aliyeaminiwa na mfalme. Helm mwenyewe aliandika miezi michache baadaye kwamba ahadi ile ilitolewa. Alijua pande zote mbili, alijua pia kwamba kwa mfalme neno lililosemwa mbele ya watu ni mkataba, na kwa Rudd mkataba ni kilichomo kwenye karatasi. Pengo lilikuwa wazi mbele ya macho yake, akaliacha. Kampuni ya Rhodes ikapata hati ya kifalme mwaka uliofuata.

Kwetu jina la jambo hili ni Mangungo. Kila mtoto wa shule Tanzania anamjua chifu wa Msovero aliyewekeana mkataba na Karl Peters mwaka 1884, na kila mjadala wa mkataba wa madini au wa bandari lazima mtu amwite. Mwaka 2023, Bunge lilipopitisha makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, watu walibishana kwa Kiswahili vijiweni na mitandaoni kuhusu maandishi yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Huwa nadhani tunamwonea Mangungo kidogo. Kosa tunalomtwika ni kutojua kusoma. Lakini Peters alikuwa anawakilisha chama cha Kijerumani cha kutafuta makoloni, na chama hicho kilikuwa na dhana ya umiliki wa ardhi ambayo hata ikisomwa kwa Kisagara kizuri kabisa isingekaa kichwani mwa mtu ambaye kwake ardhi haikuwa kitu cha kuuzwa. Tafsiri sahihi isingetosha. Alihitajika mtu wa kusema, subirini, huyu anaposema "kutoa" na nyinyi mnaposema "kutoa" hamzungumzi jambo moja. Mtu huyo hakuwepo, na kama angekuwepo angelipwa na nani?

Swali hilo la nani anamlipa ndilo linaloiumba kazi nzima. Neno letu lenyewe linalibeba. Wakili ni neno la Kiarabu, maana yake mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine, na bado tunalitumia kwa yule anayesimama mahali pa mwenzake kwenye nikaha. Tazama na jamaa zake: mkataba, dhamana, rehani, hisa, dalali kutoka Uarabuni, hundi na bima kutoka Bara Hindi, kampuni na benki kutoka kwa Waingereza. Kiswahili cha biashara kilijengwa na watu waliokuwa wakifanya kazi hii kabla haijapata jina la kuvutia. Hata sheria zilisafiri hivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ya 1961 ilifuata kwa karibu sheria ya India ya 1872, ambayo nayo iliandikwa na Waingereza wakiwaandikia Wahindi. Mwaka 1955 Jaji Denning, akiamua kesi ya ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa, alisema sheria za Uingereza ni kama mwaloni: ukiupandikiza Afrika usitegemee ubaki vilevile, utahitaji kutunzwa. Alisahau kwamba mbegu nyingine zilikuwa zimeshaota hapo siku nyingi.

Kisa cha Waomani wa Unguja kinaonyesha faida na gharama kwa pamoja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi walitawanyika. Sultani Qaboos alipoichukua Oman Julai 1970, aliwaita Waomani waliosoma ng'ambo warudi. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1967, mikataba yake ilikuwa ya Kiingereza, na ndani ya Oman waliokisoma Kiingereza walikuwa wachache sana. Waliotoka Afrika Mashariki walikuwa nacho. Wakaingia katika ofisi za serikali na za kampuni ya mafuta, wakawa wao ndio wanaokaa kati ya mhandisi Mwingereza na waziri Mwarabu. Huku wakiitwa Wazinjibari, Kiarabu chao kikichekwa, maana wengi walizungumza Kiswahili nyumbani. Malezi yaliyowafungulia mlango wa ofisi ndiyo yaliyowafanya waulizwe nje ya ofisi kama ni Waomani kweli.

Kuna na jambo la pili katika kisa hicho, ambalo vitabu vya kuwaandaa watu kwa biashara za kimataifa havilisemi. (Vitabu hivyo huwa vinanichekesha: Mjapani anapenda hivi, Mwarabu usimwonyeshe unyayo.) Utamaduni unaoupata kwa wazazi walioondoka kwao ni utamaduni wa siku waliyoondoka. Unguja aliyoibeba mama mwaka 1964 ilibaki ya 1964 jikoni kwake Muscat, wakati Unguja yenyewe ilikuwa imeshahama. Wakili aliyelelewa London na wazazi wa Kigujarati wa Nairobi anaweza kwenda Mumbai na adabu ambazo vijana wa huko waliziacha zamani, akaonekana mzee kabla ya wakati. Anayejivunia kwamba "nawajua watu wangu" ndiye wa kwanza kukosea, kwa kuwa shaka yake ameielekeza upande mmoja tu.

Ofisini nako biashara ya wakili wa nyumba mbili ni ya ajabu. Anaajiriwa kwa sababu ya upande wa pili, kisha upande huo huo unamfungia mlango. Kila mteja wa lugha yake anapokuja anaitwa kusalimia, kutafsiri barua, kueleza kwa nini mzee yule hakutia sahihi siku ya mwezi fulani. Kazi hiyo haiandikwi kwenye saa za kutoza. Wakati wenzake wanahesabu saa kuelekea kuwa wabia, yeye anahesabu vikombe vya chai. Wale waliovuka, kwa ninavyoona, walikataa mapema kuwa daraja la bure. Walidai kushika rasimu.

Sheria ya kimataifa nayo haimpendi sana mtu wa pande mbili. Mkataba wa Washington wa 1965, ulioanzisha kituo cha ICSID cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, unasema katika kifungu cha 25 kwamba mtu mwenye uraia wa nchi mbili hawezi kuishtaki huko nchi ambayo yeye pia ni raia wake. Kanuni za usuluhishi za Chama cha Biashara cha Kimataifa, Paris, zinataka kwa kawaida mwenyekiti wa waamuzi asiwe raia wa nchi ya upande wowote. Mantiki yake inaeleweka, ila imejengwa juu ya imani kwamba mtu ana nyumba moja. Ndiyo maana nilivutiwa na Jan Paulsson, Msweden aliyekulia Liberia na kuwa mmoja wa majina makubwa ya usuluhishi duniani. Mwaka 2010 alitoa mhadhara Miami akiipinga desturi ya kila upande kujichagulia mwamuzi wake. Hoja zake zilikuwa za kisheria, lakini mimi nilisikia humo mtu ambaye tangu utoto alikuwa hana mahali pa kusema "huyu ni wetu".

Tanzania mwaka 2021 ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mikataba mikubwa na wageni bado inaandikwa kwa Kiingereza zaidi, lakini siku hadi siku itakuja ikiwa na matoleo mawili, na kila mkataba wa matoleo mawili una kifungu kidogo kinachosema yakigongana litashika lipi. Kikikosewa, gharama yake ni kubwa. Mkataba wa Wuchale wa 1889, kati ya Menelik wa Ethiopia na Italia, ulisema matoleo yote mawili yanakubaliana na yana nguvu sawa. La Kiamhari lilisema Ethiopia inaweza kuitumia Italia katika mambo yake na nchi za nje. La Kiitaliano lilisema lazima. Tofauti hiyo ilifika kwenye vita vya Adwa, Machi 1896, ikiwa na mizinga.

Kifungu hicho cha lugha hukaa kurasa za mwisho, karibu na anwani za kutumiana barua, na hujadiliwa usiku wa manane watu wakiwa wameshachoka na magari yanangoja nje. Mezani pale kwa kawaida ni mtu mmoja tu anayeweza kusoma matoleo yote mawili hadi mwisho. Mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote, na hakuna aliyemuuliza.